Mikutano minne, mfuko mmoja: katibu wa chama cha mafundi atafuta upi ufungwe

Beni, Kivu ya Kaskazini – Saa kumi za usiku, wakati familia iliyompokea ingali imelala, katibu wa chama kimoja cha mafundi wa redio na mitandao hutoka na kiti chake cha plastiki na kukaa barazani. Saa hiyo mega za usiku bado ni za bei ndogo na mtandao hauna msongamano. Magotini ana daftari nene ambalo jalada lake limelowa mvua na kukauka mara nyingi. Ndicho kitu pekee cha kazi alichotoka nacho Goma mwishoni mwa Januari 2025. Kompyuta ilibaki. Sanduku la bisibisi, koleo na kipima umeme lilibaki pia. Alivuka mpaka pamoja na mke wake na watoto watatu, wakapita Rwanda, wakapita Uganda, wakaingia tena Kongo kwa mlango wa Kasindi, na daftari likiwa ndani ya mfuko wa unga.

Ndani ya daftari mna majina ya wanachama tangu chama kilipozaliwa. Kilizaliwa kwa shida: Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia mjini Goma, ikameza nyumba, maduka na nyaya. Mafundi wachache waliokuwa wakisimamisha upya antena walizoea kukutana jioni kuulizana nani ana kipuri gani. Mazungumzo yale ndiyo yaliyokuwa chama, na baadaye yakawa mkutano mkuu wa Goma wa kila Agosti. Miaka ilipopita, mkutano huo ulizaa mingine mitatu: wiki ya wanafunzi kule Bukavu kila Machi, karakana ya umeme wa jua kule Butembo kila Novemba, na kikao cha redio za jamii kule Bunia kila baada ya miaka miwili.

Mikutano minne kwa chama kidogo kama hicho ilikuwa fahari. Lakini mwaka 2025 fahari ilikosa mahali pa kukaa. M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Benki nazo zilifunga milango, na akiba ya chama ikabaki ndani ya mojawapo, inaonekana kwenye karatasi lakini haishikiki kwa mkono. Wanachama walitawanyika: wengine Bujumbura, wengine Kampala, wengine Kisangani na Kinshasa, na wengine hawakutoka.

Mwezi wa tano, mwenyekiti alimtumia ujumbe wa sauti: «Papa Katibu, hatuwezi kubeba mikutano minne. Tuandalie pendekezo. Upi ubaki, upi uunganishwe, upi ufungwe. Tutapiga kura mwisho wa mwezi wa saba.»

Wiki tatu zilipita bila yeye kuandika hata mstari mmoja.

Wanaomfahamu wanajua sababu. Mkutano wa Goma ndio uliomfanya kuwa fundi mbele za watu. Alipokuwa kijana asiye na kazi, mzee mmoja wa chama alimsimamisha pale mbele kwa dakika kumi na tano aeleze namna alivyoiokoa redio ya kijijini kwao, umeme ulipokuwa ukipanda na kushuka hadi kuunguza mtambo. Alizungumza akitetemeka. Alipomaliza, watu wawili walimfuata wakamuuliza kama angeweza kuwafanyia kazi. Tangu siku hiyo hakukosa Agosti hata moja. Sasa aliambiwa apime mkutano huo kama mtu anayepima gunia sokoni.

Usiku mmoja barazani, akitafuta makala ya zamani kuhusu mitandao, alikuta habari iliyomfanya aweke kalamu chini. Chama cha USENIX cha Marekani, ambacho makala zake amezisoma kwa miaka mingi, kilikuwa kimetangaza kwamba mkutano wake wa ufundi wa kila mwaka, ule mkongwe kuliko yote, utafanyika kwa mara ya mwisho Julai 2025 mjini Boston. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa sherehe: USENIX ilikuwa inatimiza miaka 50.

Mtu wa Beni anaweza kuuliza, hayo yanatuhusu nini? Katibu huyu yanamhusu hivi: tangu mwaka 2008, USENIX iliacha wazi makala za mikutano yake ili kila mtu azisome bila kulipa. Mwanafunzi wa Bukavu mwenye simu na mega mia moja anasoma kilekile anachosoma profesa wa California. Sehemu kubwa ya alichojua kuhusu mitandao, katibu huyu hakukipata darasani. Alikipata pale, usiku, kurasa moja moja, akiwa na kamusi pembeni.

Kwa hiyo alisoma historia ya chama hicho kama mtu anayesoma barua ya ukoo. Kilianza 1975, watumiaji wa programu ya Unix walipoanza kukutana kubadilishana ujuzi. Kwa miaka mingi mkutano wa ufundi ulifanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya baridi na majira ya joto, kwa sababu watu walikuwa na mengi ya kuambiana na hapakuwa na mahali pengine. Ni pale, mwaka 1985, wahandisi wa Sun Microsystems walipoeleza namna kompyuta nyingi zinavyoweza kutumia mafaili yaliyo kwenye kompyuta moja ya mbali kana kwamba yako ndani yake. Ni pale, mwaka 1993, watafiti wa Berkeley walipoeleza njia ya haraka ya kuchuja vifurushi vya data vinavyopita kwenye mtandao. Kila fundi anayekagua mtandao leo, hata akiwa Oicha au Mangina, anatumia vyombo vilivyotokana na kazi hiyo ya pili.

Halafu mkutano ukazaa. Mwaka 1994 ulitokea OSDI, mkutano wa wale wanaojenga mifumo ya ndani ya kompyuta. Mwaka 2002 ukatokea FAST, wa wale wanaoshughulika na uhifadhi wa data. Mwaka 2004 ukatokea NSDI, wa mitandao. Usalama wa kompyuta nao ulikuwa na mkutano wake. Kila mtoto alipokua, aliondoka na sehemu ya watu. Mwenye kazi nzuri ya mitandao alianza kuipeleka NSDI, mwenye kazi ya diski akaipeleka FAST. Kwa mama kulibaki mchanganyiko wa kila kitu. Kulikuwa na miaka ambayo mkutano huo ulijaza watu zaidi ya elfu moja. Miaka ya mwisho walioingia ukumbini walikuwa wachache zaidi.

Haikuwa mara ya kwanza chama hicho kukata tawi. Mwaka 2021 kilimaliza LISA, mkutano wa wasimamizi wa mifumo mikubwa ya kompyuta ulioanza miaka ya 1980. Kazi yenyewe ilikuwa imebadilika jina na sura, na tangu 2014 kulikuwa na mkutano mwingine, SREcon, ulioshika watu walewale kwa mtindo mpya.

Katibu alisoma mpaka mega za usiku zikaisha na jogoo wakaanza kuwika. Asubuhi alifungua daftari lake na kufanya jambo alilokuwa akilikwepa. Alilinganisha karatasi za mahudhurio ya Goma. Mwaka 2014 majina yalijaza kurasa nne. Agosti 2024, miezi mitano kabla ya mji kushikwa, hayakufika mwisho wa ukurasa wa pili.

Hapo ndipo maumivu yalipobadilika. Kwa miezi yote alikuwa akijiambia kwamba vita ndivyo vilivyoua mkutano wa Goma. Daftari lilisema ulikuwa umeanza kudhoofu mapema. Mafundi wa umeme wa jua walikuwa wanangoja Butembo. Watu wa redio walikuwa wanangoja Bunia. Wanafunzi hawakuwa na nauli ya safari mbili, wakachagua Bukavu. Walioendelea kuja Goma walikuwa wazee wa chama na wale wenye ofisi mjini. Walikuja kwa heshima na kwa kuonana, na hayo si mambo madogo, lakini gharama ya ukumbi wa hoteli na chakula cha siku tatu ilikuwa ikimeza fedha ambazo zingeendesha karakana ya Butembo mara mbili.

Aliandika maswali matano kwenye ukurasa mpya, na kila mkutano akaupitisha kwenye maswali hayo. La kwanza: mtu akikosa mkutano huu, anaweza kupata kitu hichohicho mahali pengine? La pili: nani anaulipia, na nani anaufaidi? La tatu: ni watu wangapi wa kujitolea wanaouandaa, na ni walewale wanaoandaa mingine? La nne: anayetoka mbali anafika vipi, na kwa usalama gani? La tano: baada ya watu kurudi nyumbani, kuna kazi gani inayobaki imefanyika?

Swali la tano ndilo lililomkamata. Mwezi wa tatu mwaka huo, redio moja ya jamii katika wilaya ya Lubero ilinyamaza baada ya kifaa chake cha kugeuza umeme kuungua. Kwa siku kumi na moja familia zilizokimbia mapigano, zikilala kwenye shule na makanisa, hazikupata matangazo. Na matangazo ya redio kama hiyo si muziki tu. Ndiyo yanayosema mtoto fulani ameonekana yuko kwa nani, chakula kitagawiwa wapi, barabara gani imefungwa, kisima gani kisinywewe. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta mtoto wake wa miaka saba aliketi kando ya redio iliyokuwa ikitoa mvumo mtupu, kwa sababu aliambiwa jina la mtoto litasomwa pale. Aliyeirudisha redio hewani ni kijana aliyejifunza kazi hiyo Butembo, Novemba 2023, kwa siku nne. Alitumia vipuri vya mitambo miwili iliyokufa kutengeneza mmoja ulio hai. Siku ya kumi na mbili majina ya watoto yalisomwa.

Pendekezo la katibu lilikuwa la kurasa mbili. Karakana ya Butembo ibaki, na kikao cha redio cha Bunia kisifanyike peke yake tena bali kihamie siku zilezile na mahali palepale na karakana, ili fundi alipe nauli moja. Wiki ya wanafunzi ya Bukavu isimame kama mkutano, na badala yake kila mwanafunzi apewe fundi mmoja wa kumfuata kwa simu. Mkutano wa Goma ufungwe, na Agosti 2024 iandikwe kuwa ya mwisho.

Aliutuma kwenye kundi la WhatsApp jioni ya Jumapili. Majibu mengi yalikuwa mafupi. Mweka hazina, ambaye yuko Bujumbura, aliuliza kama kuna haja ya neno «kufungwa». «Tuseme tumeahirisha, Papa. Watu wana majonzi ya kutosha.» Binti mmoja mwanafunzi wa Bukavu aliandika kwamba simu haiwezi kumfundisha mtu kushika chuma cha kulehemu, na katibu alikiri kuwa ni kweli.

Lakini jibu alilolingoja kwa hofu lilikuja usiku wa pili, kwa sauti, kutoka Goma. Ni lile la mzee aliyemsimamisha mbele za watu miaka ile. Mzee hakutoka mjini. Alisema polepole: «Mwanangu, mji umeshikwa, na wewe katibu wetu unataka kuufuta hata kwenye daftari?»

Katibu hakujibu siku ile, wala siku iliyofuata. Mke wake alimwona akisikiliza sauti hiyo mara nne, simu ikiwa sikioni, macho yakitazama ukuta.

Siku ya tatu alimpigia. Hakutoa hoja. Baada ya salamu na kuulizana habari za watoto na za dawa za shinikizo la damu, aliomba ruhusa ya kusoma. Akafungua ukurasa wa Agosti 2024 na kusoma majina, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jina mahali mtu huyo alipo sasa. Huyu Kisangani. Huyu Nakivale, Uganda. Huyu Bujumbura. Huyu Beni. Huyu amefariki. Huyu hajulikani alipo. Alipofika mwisho, katika orodha yote waliobaki Goma walikuwa wanne.

Mzee alinyamaza muda mrefu hata katibu akadhani laini imekatika. Kisha akasema: «Ukiahirisha, watu hawa wataendelea kuuliza kila Agosti. Bora waambiwe. Lakini mimi nina masharti mawili.»

Sharti la kwanza: mafundi wanne waliobaki Goma wasiachwe kama yatima. Wakitaka kukutana nyumbani kwa mtu saa mbili, bila bango wala karamu, chama kiwatambue na kiwatumie yale wengine wanayojifunza. Sharti la pili: kila kilichowahi kusemwa Goma kikusanywe. Michoro, hotuba, rekodi za sauti, hata karatasi za mkono. «Kufunga nyumba si kuchoma sanduku la mama,» alisema.

Sharti la pili lilimgusa katibu kwa namna ambayo mzee hakuitarajia. Wale wa Marekani mkutano wao umefungwa, lakini kijana wa Kongo atasoma makala ya 1985 mwaka kesho kama alivyoisoma jana. Mkutano ni siku tatu, na kinachodumu ni kile kilichoandikwa na kuachwa wazi. Chama cha Kivu kilikuwa kimefanya mikutano kwa miaka zaidi ya ishirini, na kazi zake nyingi zilikuwa vichwani mwa watu, kwenye kompyuta zilizoporwa, na kwenye flashi zilizopotea njiani.

Tofauti nayo aliiona vizuri, na hakuificha alipowaeleza wenzake. Kule mkutano ulikufa kwa wingi, watoto wake wamekua na kuwa na nguvu kuliko mama. Huku unafungwa kwa uhaba, watoto wenyewe bado wanabebwa mgongoni. Kule walikuwa na muda wa kukutana mara ya mwisho, kushikana mikono na kupiga picha. Huku mara ya mwisho ilikwisha kupita bila mtu kujua kuwa ni ya mwisho. Agosti 2024 watu waliagana getini kwa kelele za kila mwaka, «tutaonana mwakani», wakapanda pikipiki zao.

Kura ilipigwa mwisho wa Julai kwa ujumbe wa simu, kila mwanachama akituma neno moja kwa mweka hazina. Pendekezo lilipita pamoja na masharti yote mawili ya mzee. Neno «kufungwa» lilibaki. Kwa ombi la yule binti wa Bukavu, liliongezwa jambo moja: wanafunzi wawili wapewe nafasi kila mara kwenye karakana ya Butembo, bila mchango wowote. Wanachama wengine watachanga kwa pesa za simu, kila mtu kwa uwezo wake, na waliokimbia makwao hawatadaiwa. Akiba ya benki imeandikwa kwenye ukurasa wa peke yake, ikingoja siku milango itakapofunguliwa.

Tangu wakati huo kazi ya katibu ni kukusanya. Mwanachama mmoja wa Kampala ametuma picha za michoro kumi na mbili. Mjane mmoja aliyeko Kisangani amepata rekodi ya sauti ya marehemu mume wake akieleza namna ya kukinga mtambo na radi, na ameomba kitu kimoja tu, kwamba watoto wake wapewe nakala. Vyote vinawekwa kwenye kadi ndogo za kumbukumbu, zile za simu, ambazo dereva au mfanyabiashara anaweza kuzibeba mfukoni hadi kwenye redio isiyo na mtandao.

Hotuba yake mwenyewe, ile ya dakika kumi na tano, haijapatikana. Mzee anasema labda iko kwenye kanda fulani chini ya kitanda chake Goma, ataitafuta umeme ukirudi.

Alfajiri moja mama mwenye nyumba alitoka kuwasha moto na kumkuta bado barazani. «Papa Katibu, hujalala tena?» aliuliza. Alijibu kwamba amelala kidogo. Daftari la zamani lilikuwa limejaa hadi jalada la nyuma. Pembeni palikuwa na jipya, la shule, ambalo mtoto wake wa kwanza alikuwa amempa nusu yake iliyobaki baada ya mwaka wa masomo. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: Butembo, Novemba, siku nne. Chini yake palikuwa na mistari mitupu ya majina, na wa kwanza ulikuwa umekwisha jazwa, jina la yule kijana wa Lubero. Safari hii atakuja kufundisha.